Pumzi na Pumu: Mazoezi ya Kupumua Yanafaa Wapi na Hayafai Wapi

Safu ya Mwalimu Mstaafu



Mwaka jana katika safu hii tulizungumza juu ya maradhi ya sukari na sahani zetu za pilau. Mwaka huu, kwa maombi ya jamaa kadhaa wa Auburn, Lakemba na Blacktown, tunazungumza juu ya pumu, na khasa juu ya suali moja linalopita nyumba hata nyumba: je, mtu mzima mwenye pumu anaweza kujitibu kwa mazoezi ya kupumua, akaziacha dawa? Jibu fupi ni kwamba mazoezi yanafaa, na kuacha dawa hakufai. Jibu refu ndilo lifuatalo, na naomba mlisome mpaka mwisho, kwani katika mambo ya maradhi nusu ya habari huweza kudhuru kuliko kutojua kabisa.

Lugha yetu yenyewe imeshatufunza jambo. Pumu, pumua, pumzi na pumzika ni maneno ya shina moja. Mzee anayesema "ngoja nipumzike" anasema, kwa asili ya neno, ngoja niipate pumzi yangu. Mwenye pumu ni mtu aliyenyimwa mapumziko hayo. Wenzake wamelala, yeye amekaa kitandani usiku wa manane, mikono magotini, mabega juu, anaivuta hewa kama avutaye maji katika kisima kirefu.

Maradhi haya ni ya zamani. Waarabu waliyaita rabu, na tabibu Musa bin Maimun, aliyefariki mwaka 1204, aliandika risala nzima juu yake kwa Kiarabu huko Misri, kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa ukoo mkubwa. Humo hakuahidi dawa ya muujiza. Alisisitiza chakula cha kiasi, hewa safi, usingizi na utulivu wa nafsi. Imepita miaka zaidi ya 800, na mengi katika hayo daktari wa leo hayakatai.

Nini hutokea kifuani

Ndani ya mapafu mna mirija inayogawanyika kama matawi ya mti. Kwa mwenye pumu, mambo matatu huikuta mirija hiyo. Kwanza, kuta zake huvimba kwa ndani. Pili, misuli inayoizunguka hukaza. Tatu, ute mzito hujaa njiani. Hewa kuingia huwa tabu, na kutoka huwa tabu zaidi. Ndiyo sababu kifua hulia kama filimbi.

Dawa nazo, aghlabu, ni za namna mbili. Iko pafa ya buluu, kama waitavyo watu wa hapa, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Ventolin. Hii hulegeza misuli kwa dakika chache na kumpa mtu nafuu, lakini uvimbe wa ndani hauugusi. Ya pili ni dawa ya kukinga, ambayo huvutwa kila siku hata kama mtu hajisikii vibaya, nayo ndiyo inayotuliza uvimbe. Siku hizi wako pia wanaopewa pafa moja ifanyayo kazi zote mbili. Tangu mwaka 2019 muongozo wa kimataifa wa pumu unasema kuwa mtu mzima asiachiwe pafa ya buluu peke yake, kwa sababu mwenye kuitegemea hiyo tu hujiona mzima huku mirija inaendelea kuvimba, mpaka siku ya siku ikazibana.

Naomba tofauti hii ishikwe barabara, kwani hukumu yote ya mazoezi ya kupumua imesimama juu yake.

Kwa nini sisi, na kwa nini hapa

Wako miongoni mwetu waliokuja kutoka Unguja, Mombasa au Dar es Salaam wakiwa hawajui pumu ni nini, na baada ya miaka michache ya Sydney wakaanza kukohoa kila majira ya kuchipua. Wasidhani ni jicho la mtu. Madaktari wa nchi hii wameona kwamba mhamiaji huweza kukaa miaka kadhaa bila ya kitu, kisha mwili wake ukaanza kuikataa chavua ya majani ya hapa. Australia ni miongoni mwa nchi zenye pumu nyingi duniani. Takriban mtu mmoja kati ya kila tisa au kumi anayo.

Tunakumbuka yaliyotokea Melbourne tarehe 21 Novemba 2016. Tufani ya radi ilipita juu ya malisho yaliyojaa chavua, ikaivunja chavua ile vipande vidogo sana vinavyoweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitali kwa muda wa saa chache, na watu 10 walifariki. Wengi walioshikwa walikuwa hawajapata kuambiwa kwamba wana pumu, na watu wenye asili ya Bara Hindi na nchi nyengine za Asia walikuwa wengi kuliko kadiri ya idadi yao mjini. Na hapa Sydney nani aliyesahau kiangazi cha mwaka 2019 kuingia 2020, moshi wa misitu iliyoungua ulipolifunika jua, tukawa tunaziba chini ya milango kwa mataulo?

Kwa hivyo si ajabu watu wakatafuta msaada zaidi ya ule wa duka la dawa.

Habari ya mazoezi ilivyofika Sydney

Alikuwepo daktari wa nchi ya Kisovieti, mzaliwa wa Ukraine, aliyeitwa Konstantin Buteyko. Alizaliwa mwaka 1923 na akafariki mwaka 2003. Tangu mwaka 1952 alishika rai kwamba watu wengi wagonjwa wanapumua kupita kiasi, na kwamba kwa kufanya hivyo wanaitoa mwilini hewa ya ukaa ambayo mwili unaihitaji. Dawa yake ikawa kumfunza mgonjwa kupumua kidogo, polepole, kwa pua, na kukaa kitambo bila ya kuvuta pumzi. Mnamo mwaka 1990 mwanafunzi wake mmoja, Alexander Stalmatski, aliyaleta mafunzo hayo hapa Sydney. Kutoka hapa yakaenea Australia, kisha yakaenda Uingereza na New Zealand. Ndiyo kusema mji wetu huu ulikuwa mlango wa jambo hili katika nchi zisemazo Kiingereza.

Madaktari hawakulidharau wala hawakulipokea kwa macho yaliyofumbwa. Walilipima. Mwaka 1995 huko Brisbane walichukuliwa watu 39 wenye pumu, wakagawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifunzwa njia ya Buteyko, jengine likafunzwa mambo ya kawaida ya pumu, kujilegeza na mazoezi mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Waliofunzwa njia ya Buteyko walipunguza sana pafa ya buluu. Lakini vipimo vya nguvu ya mapafu havikubadilika, na hewa ya ukaa, ambayo ndiyo nguzo ya rai yenyewe, nayo haikubadilika. Mgonjwa alipata nafuu, ila sababu aliyoitaja mwalimu wake haikuonekana.

Kisha ikaja kazi ambayo kwangu mimi ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi, nayo ilifanyika hapa Sydney pamoja na Melbourne, na watafiti wa taasisi iliyopewa jina la Ann Woolcock, yule bibi daktari mashuhuri wa mapafu wa mji huu. Ilichapishwa mwaka 2006. Watu wazima 57 walipewa mazoezi kwa njia ya video. Nusu yao walifunzwa kupumua kwa pua, kidogo kidogo, kwa namna ya Buteyko. Nusu nyengine walipewa mazoezi ya mabega na mikono yanayokwenda pamoja na pumzi, ambayo hayakudhaniwa kuwa na siri yoyote. Kila mmoja aliyafanya mara mbili kwa siku, na alipojisikia kubanwa alianza na mazoezi, na ikiwa hayakutosha ndipo akatumia pafa ya buluu.

Makundi yote mawili yalipunguza pafa ya buluu kwa asilimia 86. Dawa ya kukinga nayo, chini ya uangalizi wa madaktari, ilipunguzwa kwa nusu. Na baina ya kundi hili na lile haikuonekana tofauti.

Tufahamu nini? Tufahamu kwamba pafa nyingi tunazovuta hazitokani na kubanwa kwa mirija peke yake. Nyengine zinatokana na khofu, nyengine na mazoea. Mtu akihisi kifua kizito kidogo tu mkono hukimbilia mfukoni. Ukimpa jambo la kufanya kwa dakika chache, akatulia, mara nyingi hali hupita. Na tufahamu pia kwamba hakuna haja ya kumlipa mtu fedha nyingi kwa siri ya mazoezi, kwani zoezi lisilo na siri lilifanya kazi ile ile.

Uingereza nako walipima. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya watu 655, wengine wakifunzwa kwa filamu ya nyumbani na wengine ana kwa ana na mtaalamu wa tiba ya viungo. Wote wawili, wa filamu na wa mtaalamu, waliishi vizuri zaidi na pumu yao kuliko wale wasiofunzwa. Lakini mapafu yenyewe na uvimbe wake havikubadilika. Na mwaka 2020 zilikusanywa pamoja tafiti 22 zenye watu 2,880, na rai iliyotoka ni kwamba mazoezi huenda yakamboreshea mtu mzima maisha yake, na yakampunguzia tabu ya kuhema ovyo, ingawa juu ya dalili zenyewe za pumu ushahidi bado si wa kukata shauri.

Jambo lililotufika

Sasa nieleze kwa nini nimeona wajibu kuandika haya. Miongoni mwetu yuko mama mmoja, watu wanamuheshimu, na kwa ruhusa yake nasimulia bila ya kumtaja. Alikwenda katika darasa moja la kupumua, akalipa, akafaidika. Usiku alilala, pafa ya buluu ikakaa wiki nzima haijaguswa. Akafurahi, na ni haki yake. Mtu mmoja darasani akamwambia: "Ukishaweza kupumua hivi, dawa ya nini tena?" Akaiacha ile ya kukinga. Miezi miwili hakuwa na kitu. Mwezi wa tatu, siku ya upepo mkavu wa magharibi, alibanwa jikoni kwake hata hakuweza kulimaliza jina la mwanawe alipomwita. Alikaa hospitali siku tano, mbili katika hizo katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Tazameni ilivyokuwa. Zoezi lilikuwa zuri, wala halikumuongopea. Lilimtuliza pumzi, na pumzi ilipotulia hakusikia tena uvimbe uliokuwa ukikua chini kwa chini. Mtu aliyezima king'ora cha moto hajauzima moto. Mama yetu huyu leo ni mzima, anafanya mazoezi yake kila asubuhi, na anavuta dawa yake ya kukinga kila asubuhi vile vile. Mwenyewe ameniambia niandike hivyo.

Pumzi tuliyofunzwa chuoni

Jamaa wengine wanaona kupumua kwa mafunzo ni mambo ya kigeni. Si ya kigeni kwetu. Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa pumzi kabla ya kufunzwa maana. Katika tajwidi mtu hajui kusoma mpaka ajue wapi pa kusimama na wapi pa kuunga. Mwalimu alikuwa akitwambia tusiivute pumzi kwa mabega, tuijaze chini, taratibu, na tuitoe kwa kipimo ili itufikishe kituoni. Mwanafunzi aliyeiba pumzi katikati ya neno alirudishwa mwanzo. Hatukujua kwamba tunafanya mazoezi ya kifua. Tulidhani tunaikwepa bakora.

Wapiga zumari wa Lamu nao, wanaojaza hewa mashavuni huku wanavuta nyengine puani ili sauti isikatike, ni mabingwa wa pumzi. Almuradi pwani yetu haikuwa na upungufu wa elimu hii.

Namna ya kufanya

Haya ni mepesi, nayo ni ya wakati mtu yuko mzima, si wakati amebanwa vibaya.

Kaa juu ya kiti, mgongo umenyooka bila ya kukakamaa, miguu chini. Weka mkono mmoja kifuani na mmoja tumboni. Funga mdomo. Vuta hewa kwa pua polepole mpaka mkono wa tumboni usogee, na ule wa kifuani ubaki takriban mahali pake. Itoe kwa utaratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Pumzika kidogo kabla ya kuvuta tena, bila ya kujilazimisha. Fanya hivyo dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida yako.

Mabega nayo yafanyiwe kazi: yapandishe unapovuta, yashushe unapotoa, yazungushe mbele na nyuma. Mwenye kifua kinachombana mara kwa mara mabega yake huwa yamepanda kama ya mtu aliyebeba pakacha kila mkono.

Kujizuia pumzi kwa muda mrefu sikushauri, na mwenye maradhi ya moyo, mwenye kifafa na mjamzito wasijaribu kabisa bila ya daktari. Haya si mashindano ya wapiga mbizi. Polepole ndio mwendo, na haba na haba hujaza kibaba.

Anayetaka kufunzwa na mjuzi, amuulize daktari wake wa kawaida ampeleke kwa mtaalamu wa tiba ya viungo anayejua kazi ya kifua. Daktari akiandika mpango wa maradhi ya muda mrefu, Medicare huchangia ziara za wataalamu kama hao mpaka 5 kwa mwaka. Asiyejiweza kwa Kiingereza asione haya kuomba mkalimani wa Kiswahili; huduma ya serikali ya ukalimani iko kwa simu 131 450.

Udi, ubani na Ramadhani

Hapa najua nitawaudhi baadhi ya dada zangu, lakini mwalimu aliyestaafu hana cha kupoteza. Mazoezi ya pumzi asubuhi na chetezo cha udi jioni ndani ya fleti iliyofungwa madirisha ni kujenga huku na kubomoa kule. Huko Oman, ambako udi na ubani ni mila kama kwetu, uchunguzi wa watoto wa skuli uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba moshi wa bukhuri huwazidishia kubanwa wale wenye pumu. Nyumba za kwetu zilikuwa na dari refu, ua na upepo wa bahari. Moshi ulikuwa na pa kwenda. Hapa hauna. Sisemi tuitupe mila. Nguo zifukizwe nje barazani, au siku mwenye pumu hayupo, na madirisha yawe wazi. Ukungu wa bafuni na zulia la vumbi nao waondoshwe.

Juu ya Ramadhani, masheikh wamekhitalifiana kama kuvuta pafa kunafunguza saumu. Kila mtu amuulize anayemuamini. Lakini dawa ya kukinga aghlabu huwezekana kupangwa wakati wa daku na wa futari, kwa shauri la daktari, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini ya kula na kulipa. Aliyebanwa kweli mchana asiongezewe mzigo wa aibu na sisi tuliokaa pembeni. Atumie dawa yake kwanza, masuala yatafuata.

Siku ya kubanwa

Kila nyumba yenye mwenye pumu, watu wote wajue haya, hata watoto. Mkalishe wima, usimlaze. Mpe pafa ya buluu mivuto 4, mmoja mmoja, kupitia kile chombo cha plastiki, na kila mvuto avute pumzi 4. Ngoja dakika 4. Hakupata nafuu, piga 000 uombe ambulensi, na uendelee kumpa mivuto 4 kila dakika 4 mpaka wafike. Ikiwa hawezi kusema sentensi nzima au midomo imebadilika rangi, usingoje dakika hata moja. Piga simu kwanza. Hapo si pahala pa mazoezi, wala pa habbasauda, wala pa kumpigia jamaa simu kutaka ushauri.

Na mwenye kuvuta pafa ya buluu zaidi ya siku mbili kwa wiki, au anayeamshwa usiku na kifua, aende kwa daktari wiki hii, hata kama anajihesabu mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi, ndugu wasomaji, mkitoka hapa na neno moja liwe hili: mazoezi ya kupumua ni rafiki wa dawa, si mrithi wake. Yanamrudishia mtu utulivu, yanampunguzia khofu, na hayana gharama. Kupunguza dawa kunawezekana, na wako waliopunguza, lakini kalamu ya kuipunguza iko mkononi mwa daktari.

Mwakani, kwa uwezo wa Mola, tutazungumza juu ya macho ya wazee na kuendesha gari usiku. Mwenye suali na alitie katika sanduku la kamati siku ya baraza la Idi.

Wasalaam,
Mwalimu wenu mstaafu